Makali ya Mzee Shomari

Shomari alipotoka kwenda kusali alfajiri, mkewe Zamda alifungua kifurushi kilichokuwa juu ya meza, akatoa patasi zote tatu, akaenda nazo uani kwenye ngazi ya saruji nyuma ya jiko. Aliziburuza makali juu ya ile saruji, moja baada ya nyingine, kama mtu anayekwangua matope kwenye soli ya kiatu. Kisha akazijaribu kwa kidole gumba. Hazikukwaruza hata ngozi. Akaridhika.

Hakufanya hivyo kwa ubaya. Kwao Isevya, mtoto wa kike aliyeanza kuingia jikoni alipewa kwanza kisu kilichopitishwa kwenye ngazi, ili kisimle vidole. Zamda na dada zake walijifunza kukata mchicha na bamia kwa visu vya namna hiyo, na wote wamekua na vidole vyao kamili. Mumewe, aliyeishi na vyuma vikali tangu ujanani, alikuwa na kidole kimoja kisicho na ncha. Kwa Zamda huo ulikuwa ushahidi wa kutosha. Asubuhi hiyo binti yao, Shamimu, alikuwa anakwenda kujaribiwa kazi kwenye karakana ya mbao ya Raymundi, kule Ipuli, na mama hakuwa na njia nyingine ya kwenda naye.

Lakini mchicha hukubali kisu butu kwa sababu hauhitaji nguvu. Mninga si mchicha. Patasi isiyokula haiingii kwenye mti. Mchongaji huongeza uzito wa bega, na patasi ikiteleza hutoka na uzito wote ule. Shomari alikuwa ameyasema hayo nyumbani kwake mara nyingi mno, mpaka yakawa kama mlio wa bati wakati wa jua kali: upo, na hakuna anayeusikiliza.

Zamda alizirudisha patasi kwenye kitambaa cheusi cha kaniki, akafunga fundo. Fundo hilo ndilo lililokuwa jina la Shomari mjini. Siku hizi watu wa Tabora wanaweka mageti ya chuma, na milango ya nakshi iliyobaki ni ile ya nyumba za zamani, ambayo mtu huitengeneza ikioza tu. Kwa hiyo mchongaji alikuwa amegeuka mnoaji. Mafundi wa Chemchem, Isevya na Ipuli walimletea vyuma vyao, naye alivirudisha vimefungwa kwenye kaniki. Kifurushi chenye fundo lile hakikujaribiwa. Kufungua kaniki ya Mzee Shomari na kupitisha kidole kwenye chuma kabla ya kukitumia kulihesabiwa kuwa tusi, sawa na mgeni kuhesabu nyama kwenye sahani aliyoandaliwa. Ulifungua, ukaweka chuma kwenye mti, ukapiga.

Aliyefunga mafundo hayo kwa miaka yote alikuwa Zamda. Kwa hiyo la asubuhi hiyo halikuwa na tofauti yoyote na mengine.

*

"Shika," Shomari alisema baada ya chai, akimkabidhi binti yake kifurushi kwa mikono miwili. "Ile pana ni ya kusafishia uwanja kati ya maua. Ya kati ni ya kuta za ua lenyewe. Ile nyembamba ni ya kona, na kona ndiko watu wanakoumbuka. Usifanye kazi ya nyembamba kwa pana eti unaona uvivu kubadilisha."

"Ndiyo, baba."

"Ubao ubane kwenye jiliwa mpaka ukatae kutikisika. Mkono usipite mbele ya makali, hata kufumba na kufumbua."

"Umelisema hilo tangu juzi, baba."

"Na ukirudi nitalisema. Jingine: ukiona chuma hakili, usikisukume. Simama. Chuma kisichokula ni kigonjwa."

Shamimu alicheka. Alikuwa msichana mrefu, mwenye mabega ya baba yake, na ndiye aliyekuwa akimalizia kona za milango tangu macho ya mzee yaanze kuingia ukungu. "Chuma chako kitaugua lini? Kikiachwa peke yake usiku kinaweza kuamka kikachonga."

Shomari alifurahi hata akashindwa kuficha. Aligeuza mkono wake wa kushoto, akawaonyesha mahali pasipo na vinyweleo chini ya kiwiko. Hapo ndipo alipopimia makali: chuma kilichonyoa kilikwenda kwenye kaniki, kisichonyoa kilirudi kwenye jiwe. "Zote tatu zimenyoa jana," alisema.

Zamda alikuwa akimimina chai. Nyingine ikaingia kwenye sahani. Angeweza kusema hapo hapo, na lingekuwa jambo la kugombezwa kidogo na jiwe kutolewa tena. Lakini bodaboda alikuwa ameshapiga honi nje, na Shamimu alikuwa na furaha, na kifurushi kilikuwa kimeshafungwa.

*

Simu ilikuja kabla ya adhuhuri, kwenye simu ya Zamda, kwa sababu Shomari alikuwa haoni tena majina kwenye yake.

Walimkuta Shamimu hospitalini, amekaa kwenye benchi, mkono wa kushoto umefungwa bendeji nene, uso hauna damu. Pembeni yake alikuwa Kulwa, kijana mmoja wa wale wanne waliokwenda kujaribiwa, shati lake limelowa.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama. Majiliwa yalikuwa mawili na sisi tuko wanne," Kulwa alianza bila kuulizwa, kama anayejitetea. "Tukawa tunapokezana. Yeye kona zake zikawa haziishi. Anapiga, chuma kinaruka. Anapiga, kinaruka. Wengine wakaanza kucheka, wakasema binti wa Mzee Shomari amekuja kupapasa ubao. Zamu yake ikaisha, akaambiwa apishe. Akaushika ubao kwa mkono, amalizie. Akaegemea. Kikateleza."

"Nilikuambia mkono usipite mbele," Shomari alisema.

"Uliniambia, baba," Shamimu alijibu, akitazama sakafu.

Tabibu alikuwa kijana mpole, mwenye haraka. Jeraha limeshonwa, alisema. Lakini kano la kidole cha shahada limekatika, ndiyo maana kidole hakikunjiki. Hilo linataka daktari wa upasuaji, na kwa hilo waende Mwanza, mapema.

"Mapema ni lini, mwanangu?" Zamda aliuliza.

"Kabla kano halijajivuta ndani, mama. Likishajivuta, kulitafuta ni kazi nyingine, na mara nyingi halikubali tena."

"Kidole kimoja tu," Shomari alisema taratibu. "Cha kushoto."

"Cha kushoto ndicho anachoongozea patasi, baba Shamimu," Zamda alisema, akashangaa kusikia kwamba jambo hilo alilijua.

Hawakwenda mapema. Walikuwa na nauli ya kufika Mwanza. Hawakuwa na cha kukaa nacho huko. Wakasema wiki ijayo. Kisha wakasema jeraha likauke kwanza.

*

Raymundi alikuja Jumapili baada ya misa, amevaa suruali ya kanisani, kifurushi cha gazeti mkononi. Alikuwa amejifunza kazi kwenye nyumba hii hii, amekula kwenye sinia hili hili, na mpaka leo, pamoja na karakana yake yenye mashine na vijana, alivua viatu mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Raymundi. Kaa. Mama Shamimu, mgeni anataka chai."

"Sikuja kulaumu, mwalimu."

"Asiyekuja kulaumu haanzi kwa kusema hivyo," Shomari alisema. "Fungua mzigo wako."

Raymundi alizipanga patasi tatu juu ya mkeka. Alichukua muda kutafuta maneno, na Zamda, aliyesimama na chano mlangoni, aliona kwamba ameyafanyia mazoezi njiani na sasa yamempotea.

"Majiliwa ni kosa langu," Raymundi alisema mwishoni. "Nimelikiri mbele ya vijana, nalikiri hapa. Mtu hapaswi kuchonga kwa zamu ya jiliwa. Lakini, mwalimu, mtoto yule anajua kazi. Asingeushika ubao kama chuma kingekuwa kinakula. Nimezitazama. Makali yamelala. Na yana mikwaruzo. Nadhani jiwe liligeuka. Ulimalizia upande wa kukwaruza ukidhani ni ule laini."

Shomari alinyoosha mkono, akapapasa mkekani mpaka akaipata ile nyembamba. Akapitisha gumba. Akairudia tena, polepole zaidi, kutoka pembe hii mpaka ile. Kisha akakunja mkono wa kanzu, akatafuta chini ya kiwiko mahali penye vinyweleo, akakwangua. Vinyweleo vililala, vikainuka tena.

"Zilinyoa," alisema. "Nilinyoa hapa, usiku ule."

"Labda ulinyoa kwa nyingine, mwalimu. Vyuma ni vingi humu."

"Labda."

Zamda hakuwahi kumsikia mumewe akisema neno hilo juu ya chuma. Chano kilikuwa kizito. Alikiweka chini.

"Mama Shamimu," Shomari aliuliza bila kugeuka, "macho yangu yana nini?"

"Hayana kitu," Zamda alisema. "Mafua tu, na vumbi la kiangazi."

Lilitoka lenyewe. Alikuwa amelisema kwa watu tangu mwaka juzi. Shomari alipomwamkia mke wa imamu "shikamoo babu," Zamda ndiye aliyesambaza kwamba mumewe anapenda utani. Alipomwaga mchele nje ya sufuria, Zamda alisema paka amepita. Midomo yake ilikuwa imezoea kumfunika, na sasa, palipohitajika kufunuliwa, ilifunika tena.

Raymundi alikunywa chai nusu. Alipoinuka alisema, akiwa anavaa viatu ili asitazame mtu, "Vyuma vya karakana nitavipitisha kwenye mashine kwa muda. Upumzike kidogo, mwalimu. Macho yapate nafuu."

"Mashine huchoma chuma," Shomari alisema. "Kikipata rangi ya buluu kimekufa."

"Ni kweli, mwalimu," Raymundi alisema, akaondoka. Hakuleta tena hata kimoja.

*

Habari za fundi hazihitaji redio. Ndani ya siku chache Selemani, mshona makubazi wa karibu na soko, alikuja kufuata visu vyake vya ngozi. Alikuwa jirani, mtu wa mizaha, na alisimama uani bila kukaribia kiti.

"Bado sijavigusa, Selemani," Shomari alisema.

"Ndiyo maana nimekuja leo, mzee wangu."

"Ungeniachia hata kimoja. Ukijaribu. Ukiona hakifai, usinilipe."

"Mzee, ngozi ya ng'ombe ikiharibika naikata viraka, naweka chini ya kisigino, mteja haoni." Selemani aliinua kiganja chake. "Hii yangu nitaiwekea kiraka cha nini?"

Mafundi wawili waliokuwa wanapita njiani walicheka. Shomari naye alicheka, kwa adabu, kwa kuchelewa kidogo, kisha akaingia ndani kuvitafuta visu. Alikaa huko muda mrefu. Zamda alimfuata, akamkuta amesimama mbele ya rafu, mkono umetulia juu ya visu vyenyewe, kama amesahau alichofuata.

"Hivi hapa," Zamda alisema.

"Nimeviona."

Shamimu alikuwa amekaa kitandani chumba cha pili, mlango wazi, amesikia yote. Alikuwa haongei sana siku hizo. Alijifunza kuvaa na kuosha vyombo kwa mkono mmoja, na mama yake alipomkaribia kumsaidia alikuwa akisogea kidogo, si kwa hasira, kama mtu anayepisha mlango.

Jiwe la kunolea likakauka mafuta. Sukari ikapungua nyumbani, kisha mchele, kisha wakaacha kusema "tukienda Mwanza." Siku moja Zamda alivaa baibui, akamwambia mumewe anakwenda kumwona dada yake Isevya, akapanda bodaboda kwenda Ipuli.

Alikuwa ameyapanga maneno. Angemwita Raymundi pembeni, angesema: mzee hana kosa, ni mimi, ngazi ya uani. Raymundi angerudisha vyuma, na wengine wangemfuata Raymundi kama walivyomfuata kwenye kuviondoa. Aibu ingekuwa yake, na aibu ya mwanamke asiyejua patasi si kubwa mjini. Watu wangecheka juma moja, wangesahau.

Karakana ilikuwa na kelele za msumeno wa umeme. Majiliwa yalikuwa sasa manne, mapya, yamepakwa rangi ya kijani, na kwenye moja alikuwa Kulwa, ameinamia ubao wa mninga, nakshi ya maua ya zamani imechorwa juu yake kwa penseli. Ndiye aliyepata nafasi. Alipomwona Zamda aliacha kazi, akasimama wima kama mwanafunzi.

Raymundi alizima mashine. Kimya kilichofuata kiliwafanya vijana wote wageuke.

"Shikamoo, mama. Kuna tatizo nyumbani?"

"Marahaba. Nimekuja kusema neno, Raymundi."

Raymundi alimtazama, akaona baibui la kuendea msibani, akaona viatu vyenye vumbi, akaelewa alivyoelewa. Aliingiza mkono mfukoni kabla Zamda hajafungua kinywa tena. "Usiseme, mama. Usijisumbue. Ningekuja mwenyewe, ni kazi tu zimenibana." Akahesabu noti mbele ya vijana, akatazama huku na huko, akamwambia Kulwa, "Na wewe, huna chochote? Mzee huyu ndiye aliyenifundisha mimi ninayekufundisha wewe." Kulwa akatoa noti moja iliyokunjika, akaiweka juu ya zile nyingine kwa heshima kubwa, kwa mikono miwili.

"Sikuja kwa hili," Zamda alisema.

"Najua, mama. Najua. Pokea tu."

Alipokea. Nyumbani hakukuwa na unga. Na akiwa amezishika zile noti, akatambua kwamba lile neno halisemeki tena mahali pale: angekuwa mwanamke aliyemkata mwanawe kano, akamkata mumewe jina, kisha akaja kukusanya pole. Raymundi akawasha mashine. Zamda akarudi nyumbani Chemchem kwa miguu, ili noti zisipungue.

*

Alipofika alikuta jiwe halipo. Shomari alikuwa ameliuza, pamoja na patasi zote, kwa fundi mmoja wa Isevya aliyekuja na toroli. "Kaniki nimempa bure," Shomari alisema. "Akaniuliza fundo linafungwaje. Nikamwambia sijui, ni kazi ya mke wangu."

Kisha akamwambia lile jingine. Duka la vifaa vya ujenzi, kule kwenye barabara inayokwenda kituo cha reli, linataka mlinzi wa mchana. Kazi yenyewe ni kukaa. Ataanza Jumatatu.

"Mlinzi," Zamda alisema. "Na macho hayo?"

"Wanataka mzee mwenye kanzu safi akae kwenye kiti mbele ya mageti ya chuma, wezi waone kuna mtu. Hawakuniuliza kama mimi nawaona wezi."

Zamda alilibeba hilo moyoni siku mbili zilizofuata. Aliweza kuvumilia njaa, na alishaanza kuzoea kumwona Shamimu akibeba ndoo kwa mkono mmoja. Hakuweza kuvumilia picha ya Shomari kwenye kiti cha plastiki, akiwalindia watu mageti yaliyomtoa kazini, akiamini kwamba vidole vyake ndivyo vilivyomlemaza mwanawe. Na haikuwa kweli. Hilo ndilo lililomchoma. Vidole vile havikukosea. Usiku ule zile patasi zilikuwa na makali yanayostahili mlango wa sultani, na mtu pekee duniani aliyelijua hilo alikuwa yeye.

Ijumaa, Shomari aliporudi msikitini, alimwekea ugali na mlenda, akanawa mikono, akakaa mbele yake. Hakula.

"Baba Shamimu, Jumatatu usiende."

"Kwa nini?"

"Nenda Isevya ukakomboe jiwe lako. Zile patasi uliziacha kali. Ulipokwenda alfajiri mimi nilizitoa, nikazisugua kwenye ngazi ya uani, kwenye saruji. Kisha nikafunga fundo. Ndiyo mikwaruzo aliyoiona Raymundi. Haikuwa jiwe. Ni mimi."

Shomari aliacha tonge hewani. Alilirudisha kwenye sahani. Zamda alisubiri apigwe au atukanwe, na alikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo. Lakini uso wa mumewe ulilainika, taratibu, mpaka ukawa ule wa zamani, wa miaka ya mwanzo.

"Mama Shamimu," alisema. "Hili umelitunga kwa siku ngapi?"

"Sijatunga. Niliogopa vidole vya mtoto. Kwetu ndivyo tunavyofanya, kisu cha mwanafunzi tunakipitisha kwenye ngazi."

"Wewe. Tangu nikuoe hujagusa chuma changu ila kukifunga."

"Siku ile niligusa."

"Sikiliza." Aliutafuta mkono wake juu ya mkeka, akaushika. "Mke wa imamu, unadhani sikujua? Nilijua nilipofika kona. Na yule paka aliyemwaga mchele, nyumba hii haina paka. Nikakuacha unifunike kwa sababu ilinipendeza kufunikwa. Lakini hili ni zito mno, usilibebe. Nilizinoa mwenyewe, kwa upande usio wake, kwa sababu sioni. Nimeshalikubali. Usinirudishe nyuma."

"Njoo uani. Alama zipo kwenye ngazi, njoo uone."

"Nije nione?" Shomari alicheka kidogo. "Ngazi ile ina alama tangu marehemu mama anakwangulia sufuria. Na nitaziona kwa macho ya nani?"

"Basi nakuapia. Leta msahafu."

Shomari aliukaza mkono wa mkewe. "Hapana. Hapo umefika mbali. Usiape uongo kwa ajili yangu, usiingie motoni kwa ajili ya patasi. Nimekusamehe jaribio lako. Mungu akulipe kheri, Zamda." Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Shamimu azaliwe. Akala. Alikula vizuri, kwa mara ya kwanza tangu ajali, akafuta sahani kwa tonge la mwisho. Kisha akasikia kikohozi cha Selemani njiani, akainuka, akatoka nje akipapasa ukuta, akimwita.

Zamda aliondoa vyombo. Alipogeuka alimkuta Shamimu amesimama kwenye mlango wa chumba.

"Mimi nakuamini, mama," Shamimu alisema.

Zamda alirudisha sahani juu ya mkeka.

"Nilijua siku ile ile. Nesi alipokuwa ananisafisha aliniuliza huu mchanga wa saruji umeingiaje kwenye jeraha, kwani mnachonga mbao au mnajenga nyumba. Nilikuwa nimelifunga jeraha kwa ile kaniki. Nikatazama kitambaa, nikaona vumbi la kijivu. Karakana ya Raymundi haina saruji, chini ni udongo."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisubiri useme wewe." Sauti yake haikupanda. "Ungesema kabla jiwe halijauzwa angekuamini. Ungesema mbele ya Raymundi siku ile ya chai, yangekuwa ndiyo ukweli. Sasa umechelewa, yamekuwa wema wa mke tu."

"Mwambie wewe. Mwambie habari ya nesi. Wewe atakusikia."

Shamimu alitazama mkono wake wa kushoto. Alijaribu kukunja vidole. Vyote vilikunjika ila kimoja, kilichobaki kimenyooka, kama kinaonyesha.

"Nimwambie nini, mama? Macho yamekwisha, jiwe limekwisha. Amebakiwa na mke. Nimnyang'anye na huyo?"

Akaingia ndani, akavuta pazia. Nje, Shomari alikuwa ameshaanza kusimulia, kwa sauti ya mtu aliyepata habari njema: jinsi mke wake alivyokaa mbele yake na chakula hakijaguswa, akataka kulibeba kosa la kipofu, akafika hata kutaka kuapa. Selemani aliguna kwa mshangao pale palipostahili kuguna.

"Mashaallah, mzee wangu," Zamda alimsikia akisema. "Wanawake wa namna hiyo wamekwisha."